Mgomba wa Nyuma ya Nyumba

Kavimvira, tarehe 16 mwezi wa tatu 2003

Mdogo wangu mpendwa Clovis,

Pokea salamu za dada yako Spès, yule aliyekubeba mgongoni mpaka mama akamkataza, maana ulikuwa umeshaanza kumlemea. Habari za kambini? Kile kikohozi chako cha wakati wa vumbi kimekuachia ama bado kinakusumbua? Unalala kitandani ama chini? Chakula wanachowapimia kinafika mwisho wa mwezi? Nakuuliza vitu vidogo vidogo kwa sababu ndivyo ninavyowaza nikiwa napika. Sisi huku tuko. Siandiki kwamba tuko wazima kabisa, weye unanijua na ungecheka, lakini tuko. Miguu yangu inavimba jioni, macho yameanza kukataa kazi, na mvua ya mwaka huu imekuja vizuri, mihogo imesimama.

Barua hii inaletwa na Generose, mama jirani yetu anayevusha ndagala mpaka Kigoma. Ni mtu anayejua kunyamaza. Nimeishona ndani ya pindo la kitenge chake, na nimemwomba akupe mkononi mwako, asimwachie mtu mwingine hata akiapa kwamba ni ndugu yako. Kwa nini nimefanya hivyo utaelewa mbele. Nakuomba kitu kimoja tu, usiikunje kabla hujamaliza. Tangu utoto, ukichukia unaondoka katikati ya maneno ya watu. Safari hii kaa.

Ujumbe wako uliopitia kwa watu wa Msalaba Mwekundu ulinifikia mwezi wa kwanza, nikiwa naanika ndagala. Unasema huo ni wa nne na hujajibiwa hata mara moja. Kwa vile karatasi yao ni ndogo, uliuliza mambo matatu tu: kama baba yuko, kama nyumba ya Kavimvira iko, na kama Pélagie mke wako angali anakungojea. Nilisoma, nikaingia ndani kukaa, na kuku za jirani zikala ndagala zangu zote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiandika barua hii kichwani, nikiifuta, nikiianza tena. Leo najibu, moja baada ya jingine kama ulivyouliza.

Baba hayuko, Clovis. Pole sana mdogo wangu. Alikufa mwezi wa tano wa 1999. Hakupigwa risasi, wala mtu hakumgusa. Walipochoma nyumba za Kiringye alitoka kule kwa miguu, akalala porini siku tatu akinywa maji ya mfereji, akafika hapa Kavimvira tumbo limeshaharibika. Alilazwa katika kile chumba ulichokuwa unaweka cherehani. Pélagie alimwuguza kama baba yake mzazi, alimfulia, alimlisha, alimbeba kwenda nje. Nalisema hilo mapema ulishike, maana mbele utalihitaji. Mimi pia nilikuwa hapa. Bwana wangu wa Nyakabere alikuwa amefariki na mashemeji wakanionyesha njia, na katika dunia yote sikuwa na mlango mwingine wa kubisha isipokuwa wako. Pélagie alinifungulia bila kuuliza nitakaa siku ngapi.

Siku mbili kabla ya kufa, baba aliomba tumkalishe. Alisema shamba la Kiringye ni la Ndihokubwayo, kwa sababu mkubwa wetu ndiye aliyelima naye miaka yote. Nyumba ya Kavimvira ni ya Clovis, kwa sababu vyumba viwili vya nyuma na mabati yote vilitoka kwenye cherehani yake. Na Spès aachiwe kile kipande cha kando ya mfereji, alime mpaka afe. Halafu akauliza kama umefika. Tukamwambia uko njiani. Akasema tukiona umechelewa tukuambie kwamba yeye alikaa macho. Maneno hayo nilitaka kukupa kwa mdomo wangu, lakini naona siwezi kuendelea kuyabeba peke yangu.

Siku aliyokufa kulikuwa na milio ya bunduki tangu asubuhi na njia ya makaburini ilifungwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kati ya jiko na ua, mimi na Pélagie na wanaume wawili wa jirani. Hatukulia kwa sauti. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba tulimzika baba yetu tukinong'ona.

Sasa nyumba. Unamjua Ndihokubwayo, yaya wetu, kaka yetu mkubwa. Hakufika kwenye maziko, njia ilikuwa mbaya, simlaumu. Alifika miezi kadhaa baadaye, akalia juu ya kaburi, akala bugali yetu, na siku ya tatu akaja na mtu mwenye kofia nyeupe aliyeanza kuipima parseli kwa hatua zake, kutoka ua mpaka barabara. Alipofika kwenye kaburi la baba alilizunguka, akamwuliza Ndihokubwayo kama kile kitu kitaondolewa kabla. Nilikuwa na mwiko mkononi, Clovis. Mungu ndiye aliyenizuia.

Lakini sitaki umchukie yaya bure. Nyumba yake ya Kiringye ilichomwa, ng'ombe zake zote zilichukuliwa, na watoto wake sita walikuwa wanalala chini ya plastiki huku mvua ikinyesha. Alisema shamba halilimiki, anayekwenda kule anakwenda kufa, na kitu pekee cha baba kinachoweza kuuzwa ni nyumba hii iliyo karibu na mpaka. Alisema atajenga Bujumbura, na siku utakaporudi atakupa chako. Alisema hivyo akiniangalia usoni, nafikiri hata yeye alikuwa anayaamini maneno yake.

Nilimwambia wosia wa baba. Akauliza ni mwanamume gani wa ukoo aliyeusikia. Jibu alilijua. Mimi na Pélagie tulikuwa masikio mawili ya wanawake, na moja kati yake lilikuwa la mke wa huyohuyo aliyeachiwa nyumba.

Ndipo baba mdogo Sévère alipotuita wote kwake Nyakabere, mwezi wa tatu wa 2000. Ni mdogo wa baba, ni katekista, huwezi kumwambia anapendelea. Alitaka tupange siku ya kumaliza kilio cha baba, ile ya kuganduka, kwa sababu kabla ya siku hiyo mali ya marehemu haigawanywi, na alikuwa amesikia kwamba kuna mtu anayeipima. Alitusikiliza wote. Aliukataa wosia wetu, lakini akasema hata bila wosia haki inaonekana: shamba kwa mkubwa, nyumba kwa Clovis, kipande cha mfereji kwa Spès. Nikapumua. Halafu akaongeza jambo ambalo hata weye unalijua tangu zamani. Sehemu ya mtoto asiyekuwepo inashikwa na mkubwa wao mpaka arudi, na mkubwa ndiye anayeamua namna ya kuitunza. Nikamwona Ndihokubwayo anakunja mikono yake polepole. Kutunza kwake kulikuwa kumeshapimwa kwa hatua, na mwenye kofia nyeupe alikuwa anarudi juma lile lile.

Pélagie aliuliza, kwa adabu, akiwa amepiga magoti, yeye na binti yenu Keza watalala wapi. Keza wakati ule alikuwa na miaka sita, alikuwa amelala mapajani mwangu.

Baba mdogo naye hakupenda. Aliguna, akasema kama Clovis angekuwa amekufa ingekuwa kitu kingine, maana sehemu ya aliyekufa inakwenda kwa mtoto wake siku hiyohiyo na mkubwa hana mkono ndani yake. Kuhusu Keza kuwa msichana, alisema serikali haitenganishi msichana na mvulana na yeye pia hatatenganisha. Kisha akauliza kama kuna yeyote mwenye habari zako za kweli, tangu uvuke ziwa mwezi wa kumi wa 1996.

Mtu mmoja akasimama. Akasema habari iko. Akasema amekutana mpakani na mama mmoja aliyerudi kutoka Kigoma, na mama huyo alimwona Clovis mtoto wa Itangishaka akifa kambini kwa kipindupindu, akazikwa pamoja na wengine ndani ya shimo moja. Akataja hata shati ulilokuwa umevaa. Mtu huyo aliaminiwa na kila aliyekuwa pale, Ndihokubwayo mwenyewe alifunika uso akalia.

Ndiyo, nimeandika sawasawa. Ukoo wako unajua umekufa. Ulizikwa, mdogo wangu. Uko nyuma ya nyumba, upande wa kulia wa baba.

Unajua tunavyofanya kwa mtu aliyefia mbali. Tulikata mgomba tukauvika shati lako la mirabamiraba, lile ulilolishona mwenyewe ukakosea kola. Nasema tuliukata, lakini hapo ndipo kosa lilipotokea. Ardhi ilikuwa imelowa, na vijana waliotumwa waliona uvivu kuupiga panga, wakautikisa mgomba mdogo mpaka ukang'oka wote na shina lake na mizizi yake. Baba mdogo aliwagombeza, akasema kinachozikwa ni gogo tupu, si kitu chenye mizizi. Ila saa ya kukatazwa kutembea usiku ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wanataka kufika kwao. Tukauzika vilevile. Na kwa kuwa hapakuwa na mwili, walichimba mpaka magotini tu.

Pélagie alinyoa nywele. Alikaa chini sakafuni siku zote za kilio, hakula mpaka tulipomlazimisha. Mwezi wa nane tulifanya kuganduka, ya baba na ya kwako siku moja, na nyumba ikaandikwa kwa jina la Keza. Fishi ya parseli, ile karatasi ya serikali ya kiwanja, iko, nimeificha ndani ya Biblia. Ndihokubwayo alisaini bila neno. Alisema mtoto wa marehemu haibiwi. Tangu siku hiyo hajamleta mnunuzi tena, na akipita hapa anamletea Keza miwa. Hivyo jibu la swali lako la pili ni kwamba nyumba iko, mabati yote yako, cherehani tu ndiyo ilichukuliwa.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule, kaburi lako lilichipuka.

Nilikuwa wa kwanza kuona. Chipukizi la mgomba, kijani, limekunjwa, linatoka pale kwenye kifua. Nilichukua panga nikalikata kabla watu hawajaamka. Likarudi. Nikalikata tena. Majirani wakaanza kusema kaburi la Clovis halitulii. Ndihokubwayo akaenda kuomba misa, akadhani unamdai yeye kwa sababu ya yule mwenye kofia. Aliogopa sana, na minye nikamwacha aogope. Nilikata chipukizi hilo mara nne, kila mara nikisema linaficha nyoka.

Mara ya tano Keza alinikuta. Alishika mkono wangu wenye panga, akasema nisimkate baba yake. Hakulia, alisema tu, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau. Nikaweka panga chini. Tangu siku hiyo mgomba huo ni wake. Anafagia pale kila Jumamosi, anaumwagia maji ya kuoshea vyombo, na akitoka shule anakwenda kusimama mbele yake na daftari, anausomea alama alizopata. Mwaka jana mwezi wa kumi, watu wenye silaha walipoingia mjini, walikula kila kitu hapa, kuku, mihogo, hata mapapai mabichi. Mmoja wao alienda na kisu kwenye mgomba. Keza akamwambia kwamba huyo ni baba yake. Yule kijana aliuangalia mgomba, akamwangalia mtoto, akaondoka zake. Sasa umetoa mkungu, mkubwa, umeinama mpaka tumeutegemeza kwa mti.

Nimebakiza swali la tatu. Clovis, Pélagie hakungojei. Mwisho wa 2001 alikuja Léopold, mvuvi wa Mulongwe, mtu wa pole, anayesali, mke wake alikuwa amekufa kwa uzazi. Wamefunga ndoa. Wana mtoto wa kike mchanga, anaitwa Aline. Hajamsahau Keza, anakuja kila Jumapili na samaki, na akifika anaanza nyuma ya nyumba kabla hajaingia ndani. Usimtaje vibaya mbele ya mtu yeyote. Alikulilia kilio cha kweli, na kosa hata la ukubwa wa chembe ya chumvi halimo kwake.

Kosa liko wapi, ndipo nilipokuwa nazunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Mtu aliyesimama Nyakabere akasema umekufa ni minye, dada yako.

Hakuna mama aliyerudi kutoka Kigoma. Nilimtunga palepale, nikatunga kipindupindu, nikatunga shimo. Shati sikulitunga, lilikuwa ndani ya sanduku nyumbani, lakini ulikuwa na mawili ya namna ile na nilijua umeondoka na jingine. Na lililo baya kuliko hayo sijalisema bado. Nilipokuwa nasimama pale, ujumbe wako wa kwanza ulikuwa ndani ya blauzi yangu. Ulikuwa umenifikia siku kumi na mbili kabla. Ulikuwa umeandika kwamba uko mzima, kwamba umepata kazi ya kushona pale kambini, na kwamba nimwambie Pélagie avumilie. Nilikuwa nimeuweka ili niusome mbele ya wote, niwafurahishe. Nilikuwa nangoja tu baba mdogo amalize kusema. Alipomaliza, niliona kwamba nikiutoa, uhai wako utaiweka nyumba mikononi mwa Ndihokubwayo, na mtoto wako atalala nje kabla ya Jumapili. Karatasi ile ilikuwa inanichoma hapa kifuani huku mdomo wangu unasema umekufa.

Nilijiambia nitakufufua vita vikiisha, mwaka mmoja, miwili. Nilifikiri nikikuandikia jibu lako litachukua miezi minne, na mnunuzi alikuwa na siku nne. Hizo ndizo sababu ninazojipa. Lakini nimechoka kujidanganya, kwa hiyo naandika na hii pia: mimi mwenyewe sikuwa na mahali pa kwenda. Nyumba ikiuzwa, hata minye nilikuwa nje. Keza alikuwa mapajani mwangu na nilimwonea huruma, ni kweli, lakini nilijionea huruma na mimi, na sijui hata leo ni huruma ipi iliyonisimamisha.

Pélagie sikumwambia. Hajui kulia uongo, wazee wangemwona. Nikasema nitamwambia baada ya kilio, halafu baada ya kuganduka, na kila mwezi uliopita ulifanya neno hilo kuwa zito zaidi. Na Léopold alipomwomba, Pélagie alikuja kuniuliza mimi, kama mjane anavyouliza watu wa bwana wake. Alikaa kwenye kile kigoda cha mlangoni. Aliniuliza kama naona Clovis atachukia. Alisema nikikataa hatakwenda. Neno moja lingetosha, mdogo wangu, na nilikuwa nalo. Nilimwambia aende, amefanya vya kutosha. Akanishika miguu kunishukuru. Nyumba niliyoiokoa kwa uongo nimeilipa na mke wako, na sikukuuliza.

Ujumbe wako wa pili na wa tatu sikuuona, nakuapia. Wa kwanza niliuchoma siku ya kuganduka, jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe waliyokula watu wa kilio chako.

Nisikilize sasa, maana sikuandika ili nilie tu. Chukua karatasi safi. Andika kwamba weye Clovis mtoto wa Itangishaka, ukiwa mzima na una akili zako, nyumba ya Kavimvira unampa binti yako Keza. Saini mbele ya mashahidi wawili, waombe wakubwa wa kambi wagonge muhuri. Mwenye mali akiwa hai na ameitoa kwa mkono wake, mkubwa hana tena kitu cha kushika. Mpe Generose, atakaa huko juma moja. Karatasi hiyo ikinifikia, nitamwomba baba mdogo awaite wote palepale Nyakabere, Ndihokubwayo, Pélagie na bwana wake, na nitasimama mahali nilipokuwa nimesimama. Nitasema yote, pamoja na ile ya ndani ya blauzi. Wakinifukuza nitakwenda. Na kama hutaki kuitoa nyumba, kama unataka kurudi ukae ndani yake, ni yako, andika hivyo, nitalisoma hilo badala yake. Ila andika karatasi hiyo kwanza kabla hujanitukana. Matusi uyaweke nyuma yake, nitayasoma yote, sitaruka hata moja.

Siku utakapovuka mpaka, usiende kwa mtu mwingine kabla yangu. Nitakungoja pale barabarani mbele ya watu wote. Aliyekuzika ndiye anayepaswa kukupokea.

Hapa ndipo mtu anapoandika salamu za wengine, na mimi sina za kukupa. Baba mdogo hakusalimu, Ndihokubwayo hakusalimu, Pélagie hakusalimu, kwa sababu hawajui kama kuna mtu wa kusalimiwa. Keza ametoka shule sasa hivi. Ameweka mfuko wake mlangoni, hata hajanywa maji, ameenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Namsikia anausomea mgomba alama zake: hesabu saba juu ya kumi, Kifaransa nane, imla tano, na hiyo ya tano ameisoma kwa sauti ndogo. Nakuandikia ili weye pia usikie.

Kaa na Mungu, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako,
Spès